Msomaji Hufungua Kitabu Katikati

Hotuba kwa waandishi, wachapishaji na wasomaji, Dar es Salaam

Ndugu waandishi, wachapishaji, walimu, wakutubi, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mnapenda kusoma, itifaki imezingatiwa. Mkubwa ambaye hajatajwa atuwie radhi. Joto la ukumbi huu halivumilii orodha ndefu.

Tumeombwa kueleza kinachompendeza msomaji wa kawaida kitabuni, kiwe cha hadithi au cha maarifa. Tuanze na mikono yake. Simameni kando ya meza ya vitabu vya mtumba pale Posta, au kwa wale wanaotandika turubai chini Kariakoo, mmtazame mteja. Kwanza anaangalia jalada, halafu anageuza nyuma. Kisha anapenyeza kidole gumba katikati ya kitabu, anafungua popote, anasoma mistari mitano sita akiwa wima, huku mwenye meza akimsifia bidhaa. Ukurasa wa kwanza, ule uliomnyima mwandishi usingizi mwezi mzima, mara nyingi hauoni mpaka afike nyumbani.

Mistari hiyo sita ndiyo usaili, na swali lake ni moja: huyu anajua anachokisema?

Msomaji wa kawaida hana haja na istilahi za wahakiki. Lakini huyo huyo ni fundi magari, muuguzi, mama lishe, karani, dereva wa bajaji, na kila mmoja wao ana jambo analolijua kuliko mwandishi. Siku kitabu kikigusa jambo lake kwa usahihi, anakiamini hata kwa yale asiyoyajua. Kikikosea hapo, basi tena. Atasamehe mwanzo mzito, atasamehe hata jalada baya. Kudanganywa juu ya kazi yake au mtaa wake hasamehi.

Chukueni riwaya iliyowekwa Dar es Salaam ya mwaka 1985. Mhusika anarudi kazini, anawasha televisheni, anatazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Msomaji mwenye umri wa miaka hamsini na kitu anafunga kitabu hapo hapo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walitangulia tangu miaka ya 1970, kwa hiyo labda mhusika huyo awe amesimamisha antena ndefu juu ya bati akinasa mawimbi ya visiwani, na hiyo ingekuwa hadithi tamu kuliko iliyoandikwa. Mwingine anamvusha tajiri wake kwenda Kigamboni kwa gari, juu ya daraja, mwaka 2003. Daraja lile lilifunguliwa 2016. Mwaka 2003 tajiri alipanga foleni ya kivuko pale Magogoni pamoja na wauza samaki na wanafunzi, na ndani ya foleni hiyo mlikuwa na sura nzima ya kitabu: vioo vimepandishwa, feni ya gari inavuma, harufu ya samaki inaingia vilevile. Kosa la tarehe limemnyima mwandishi tukio bora alilokuwa nalo.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kuandika, tenga karatasi moja kwa ajili ya mwaka wa hadithi. Andika watu walisafiri kwa chombo gani, walipashana habari kwa njia gani, pesa zilitumwaje, redio ilikuwa ipi, nani alikuwa Ikulu. Kwa 1985 utaandika RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, utaandika mabasi ya UDA na daladala ambazo zilikuwa zimeruhusiwa miaka miwili tu nyuma, utaandika kwamba Novemba ile Mwalimu alimkabidhi nchi Mzee Mwinyi. Hutaandika simu ya mkononi, wala kutumiana pesa kwa simu, ambako hapa kwetu kulianza 2008. Karatasi hiyo inachukua siku mbili kuijaza, ukiwa na mzee mmoja wa kumuuliza na magazeti ya zamani ya kupekua. Wengi hawaitengenezi kwa sababu wanaona wanalijua jiji. Jiji wanalolijua ni la juzi.

Sasa tusogee karibu zaidi, tuangalie sentensi. Hii hapa ni ya aina tunayoipokea kila wiki katika miswada:

“Mama Rehema alikuwa mwanamke maskini lakini mchapakazi aliyekuwa akiuza chakula ili kuwasomesha watoto wake.”

Haina kosa la sarufi. Haina pia kitu cha kushika. Kidole gumba cha msomaji kikifungulia hapo, atageuza kurasa nyingine kumi, na akikutana na sentensi ya namna hiyo tena atarudisha kitabu mezani. Iandike hivi:

“Alfajiri Mama Rehema alihesabu sahani: kumi na nne. Juzi zilikuwa kumi na sita. Vijana wa gereji wamekula, wameondoka nazo, na wamerudisha maneno.”

Neno maskini limetoweka, lakini sahani mbili zimemuuma msomaji. Anajua sahani ya bati ni kiasi gani na anawajua vijana wa gereji. Na swali limeshazaliwa, atazidai au ataziacha? Kila anayeuza chakula jijini humu amewahi kupiga hesabu hiyo. Angalieni pia kwamba idadi ndiyo iliyofanya kazi. Andika “baadhi ya sahani zilikuwa hazipo” uone inavyolala.

Mazungumzo ndiyo sehemu inayosomwa kwa haraka na kuhukumiwa kwa ukali kuliko zote, maana kila msomaji ana masikio. Konda anayesema “Tafadhali sogeeni nyuma ili abiria wengine wapate nafasi” hajawahi kuonekana katika barabara yoyote ya mji huu. Konda anasema “Sogea nyuma, nyuma kweupe!” na nyuma hakuna kweupe chochote, na abiria mmoja atamjibu. Kiswahili sanifu kibaki kwa msimulizi. Wahusika waachiwe vinywa vyao. Ila mtaa nao una kipimo. Maneno ya vijiweni huchuja haraka, na mazungumzo yaliyojaa lugha ya mwaka huu yatahitaji kamusi baada ya miaka mitano. Neno moja la kijiweni katika mistari minne mitano linatosha kumvika kijana sura yake.

Halafu kuna salamu. Kijana wa miaka kumi na tisa akiingia kwa mama wa rafiki yake na kusema “Habari yako”, msomaji anasimama. Ama mwandishi amesahau shikamoo, ama kijana ana jeuri. Kama ni jeuri, basi mama yule aonyeshe: akae kimya kidogo, aijibu sufuria badala ya kumjibu yeye. Asipoonyesha, ni mwandishi ndiye aliyekosa adabu.

Majina ya wahusika yanaangusha vitabu vingi kuliko mnavyodhani. Juma, Jumanne, Jamila na Jackson katika ukurasa mmoja ni mateso, kwa kuwa jicho linalosoma haraka hushika herufi ya kwanza na urefu wa jina, basi. Tenganisheni herufi za mwanzo, changanyeni jina fupi na refu, na msitaje zaidi ya watu watatu wapya katika kurasa tano za kwanza. Majina yanayotangaza tabia nayo yana mahali pake. Shaaban Robert katika Kusadikika, mwaka 1951, alimpa mshtaki jina la Majivuno na mshtakiwa jina la Karama, na ilikaa vizuri kwa sababu nchi yenyewe ni ya kufikirika na kila kitu humo ni fumbo. Ukimwita Tamaa mwenye duka wa Manzese, ukaweka na namba ya nyumba, msomaji wako ameshajua mwisho wake kabla hajafungua duka.

Tuseme kidogo kuhusu muda, maana hapa waandishi hujidanganya. Wanamfikiria msomaji aliyekaa kwenye kochi, chai pembeni, jioni nzima mbele yake. Wapo, hatukatai. Wengi zaidi husoma vipande vipande: kwenye foleni ya benki, kwenye mwendokasi akibahatika siti, dukani wateja wakipungua, kitandani kabla umeme haujakatika. Pigeni hesabu. Ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 hubeba maneno kama 300. Mtu anayesoma maneno 150 hadi 200 kwa dakika atautumia dakika moja na nusu hadi mbili. Kwa dakika 20 alizonazo, amesoma kurasa 10 hadi 13. Sura ya kurasa 10 anaimaliza kwa mkao mmoja na kujisikia amefanya kitu. Sura ya kurasa 35 anaikatiza mara mbili au tatu, na kila akirudi lazima atafute alipokuwa.

Kwa hiyo kila baada ya kituo, mpe pa kushikia. Sentensi mbili za mwanzo zimwambie tuko wapi na tuko na nani. “Alikaa kimya muda mrefu akiwaza yaliyotokea” ni mwanzo mbaya wa sura kwa mtu aliyeweka kitabu chini tangu Jumanne. Nani alikaa? Yapi yaliyotokea? “Siku ya pili Sabas alikuwa bado kwenye benchi la polisi Msimbazi” inamrudisha palepale. Wale waliokuwa wakiandika hadithi za mfululizo magazetini waliijua kazi hii barabara, kwa kuwa kati ya “itaendelea” moja na nyingine palikuwa na wiki nzima na gazeti lenyewe lilishafungia maandazi. Kwenye simu leo mambo ni yale yale, isipokuwa maandazi.

Wapenzi wa upelelezi wana haki yao ya pekee na wanaidai. Tangu Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960, msomaji wa Kiswahili amezoea kushindana na mpelelezi. Anataka kila dalili aliyoiona mpelelezi na yeye awe ameiona, hata kama aliipita bila kuijali. Muuaji awe ameshaonekana na kusema jambo kabla ya nusu ya kitabu. Mkimtoa mfukoni kwenye sura ya mwisho, kaka aliyekuwa nje ya nchi, au pacha ambaye hakutajwa, msomaji anadai pesa yake moyoni, na kitabu chako kinachofuata hanunui.

Na mahubiri. Hadithi imekwisha ukurasa wa 148, mwizi amekamatwa, ndoa imefungwa au imevunjika, lakini mwandishi bado ana kurasa sita za kutueleza kwamba tamaa mbele mauti nyuma. Tumeshaiona kwa macho yetu. Njia ya haraka ya kuponya miswada mingi ni kufuta kurasa hizo sita, mara nyingine na ile aya ya mwisho iliyotangulia.

Vitabu vya maarifa vina mkataba mwingine. Hapa msomaji ananunua ahadi iliyoandikwa juu ya jalada, na anataka aitekeleze kwa mikono yake. Ufugaji wa kuku unauzika siku zote, basi tuuchukue huo. Kitabu dhaifu kitasema: “Hakikisha vifaranga wanapata joto la kutosha.” Joto la kutosha ni lipi? Kitabu kizuri kitasema wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, kisha ushushe kama nyuzi 3 kila wiki. Kitaongeza, kwa kuwa mwandishi anajua nyumba nyingi hazina kipimajoto: wakijikusanya rundo chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kuta na kuhema midomo wazi, joto limezidi, wakiwa wametawanyika wanadonoa, acha kama ilivyo. Aya moja ya namna hiyo inalipa bei ya kitabu. Ndiyo inayokunjwa pembe, ikapigwa picha na kutumwa kwa shemeji.

Tena kitabu kizuri kinataja kinachoharibika na kwa nini. Chanjo ya mdondo, yaani kideri, ile ya kudondoshea, tone moja jichoni, irudiwe kila miezi 3 au 4. Hapo wengi wanaishia. Msomaji anataka na nusu ya pili, kwamba chanjo iliyoachwa juani haifanyi kazi, na kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo, hivyo ukichanja banda ambalo ugonjwa umeshaingia watakufa, na utailaumu dawa bure. Mtu aliyepoteza kuku arobaini kwa namna hiyo atamwamini mwandishi aliyeonya kuliko daktari aliyejaza digrii nyuma ya jalada.

Bei lazima ziwe na tarehe. “Mtaji wa kuanzia ni shilingi laki tano” ni sentensi inayooza. Andika kiasi: mifuko mingapi ya chakula, bati ngapi, taa ngapi za wati ngapi, na kando yake bei na mwezi na mwaka uliouliza. Bei ikipitwa, kiasi kinabaki, na msomaji ataulizia mwenyewe sokoni.

Vitabu vya kujiendeleza tuvipitie haraka, havina shida ya wateja. Tatizo lao ni ushauri uliokuja na koti la nchi ya baridi. Unamwambia msomaji wa Mbagala siri ya mafanikio ni kuamka saa 11 alfajiri. Saa 11 alfajiri yuko kituoni anagombea siti. Mwambie la kufanya na dakika arobaini anazosimama garini, hapo atakusikiliza.

Wasifu unahitaji neno refu zaidi kidogo, kwa sababu sasa hivi kila mstaafu anaandika wake na familia inalipia uchapaji. Msomaji asiye ndugu hukifungua katikati, anakuta orodha ya vyeo, semina na picha za kupeana mikono, anakiweka. Anachotafuta ni pale njia ilipopinda. Shaaban Robert alipoandika maisha ya Siti binti Saad, alikuwa na hadithi ya mwanamke wa Fumba, Zanzibar, aliyeuza vyungu na akaja kuwa sauti iliyorekodiwa kwenye santuri kule Bombay mwaka 1928. Kati ya chungu na santuri ndipo msomaji anapotaka kukaa. Nani alimsikia kwanza? Nani alimcheka? Alijifunza wapi, usiku au mchana? Mzee mstaafu naye ana chungu chake. Kuna mtihani alioufeli, kuna ndugu aliyegombana naye, kuna uamuzi anaoujutia. Akiuficha, wajukuu watakisoma kwa heshima, wengine hawatakisoma.

Tafsiri tuiguse tu. Msomaji anaitambua tafsiri mbaya kwa pua, pale sentensi inapovaa Kiswahili huku mifupa ni ya kwingine. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya 1969. Mkuu wa nchi alipata nafasi ya kurudia kazi yake. Mfasiri anayesema hana muda wa rasimu ya pili atafute sababu nyingine.

Sasa kitabu chenyewe kama kitu. Hapa tunawaomba wachapishaji wasikasirike. Msomaji anakibeba kwenye mkoba pamoja na chupa ya maji, anakifungua kwa mkono mmoja. Herufi za pointi 9 zimebana kitabu kikawa na kurasa 96 badala ya 128, mmeokoa karatasi, mmempoteza kila aliyevuka miaka arobaini na tano. Pointi 11 ndiyo chini kabisa, na pambizo ya ndani isipungue milimita 20, la sivyo maneno yanazama kwenye mgongo. Karatasi nyeupe ya kung'aa inaumiza macho juani. Ile yenye rangi ya maziwa inatulia. Muulizeni mpiga chapa nyuzi za karatasi zimelala upande gani. Zinatakiwa zifuate mgongo, juu kwenda chini. Zikilala kinyume, kitabu kinagoma kukaa wazi, msomaji anakilazimisha, gundi inapasuka, na kwa unyevu wa pwani yetu kurasa zinajikunja mawimbi. Kurasa hupangwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16. Kabla hamjasafirisha, fungueni nakala kadhaa kutoka kila boksi mtazame kama fungu halikurukwa au kurudiwa. Riwaya inayotoka ukurasa wa 64 kwenda wa 81 ndiyo itakayopigwa picha na kusambazwa, jina la mwandishi likiwa juu kabisa.

Mwisho, namna ya kujua bila kubahatisha. Iko ya bure: nendeni Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, mkavute rafuni vitabu vya aina yenu. Tazameni ukingo wa kurasa kwa upande. Kitabu kilichosomwa hadi mwisho kimekuwa na rangi ya vidole sawasawa. Kilichowashinda watu kina uchafu mpaka mahali fulani, kisha kurasa safi kama zilivyotoka kiwandani. Someni kurasa kumi kabla ya mpaka huo. Mara nyingi mtakuta kitu kimoja: wahusika wamekaa, wanaelezana mambo ambayo wote wawili wanayajua.

Nyingine inagharimu kiasi. Chapisheni kurasa 60 za mswada, nakala tano. Wapeni watu watano wasio ndugu wala waandishi, angalau mmoja awe anafanya kazi iliyomo kitabuni. Msiwaombe maoni, maana watawapa sifa. Mswahili hamvunji mtu moyo mbele ya macho yake. Wapeni kalamu na kazi moja tu: kila mnapoweka chini, pigeni mstari pembeni na andikeni saa. Baada ya siku saba kusanyeni. Mstari wa mtu mmoja unaweza kuwa ni mtoto aliyelia. Mistari mitatu katika ukurasa mmoja ni ukurasa huo.

Tumekuja na seti mbili za miswada iliyopigwa mistari namna hiyo, majina ya waandishi yameondolewa. Ziko kwenye meza ya nyuma karibu na maji. Mnaweza kuzipitia wakati maswali yanaendelea. Kipaza sauti kimpate kwanza yule mama aliyenyoosha mkono tangu tulipokuwa kwa konda.